Miche 60, ndoo 30 kwa wiki: kisa cha kikundi chetu cha kupanda mimea ya asili

Siku ya kupanda tulikuja watu 31. Namba naikumbuka kwa sababu mi ndo nilikuwa naandika majina kwenye daftari, na miche ilikuwa 60, tuliipanga mafungu ya kumikumi pembeni ya mfereji kabla hatujaanza kuchimba. Saa nne asubuhi kazi imeisha, watu wanapiga selfi, kuna mtoto kajipaka tope mpaka masikioni, grupu la WhatsApp limejaa pongezi. Wiki ya nane nikapita na daftari lilelile kuhesabu iliyo hai. 14.

Watu wakisikia hii stori wanarukia jibu lilelile, kwamba siku hizi watu hawajitumi. Kwetu haikuwa hivyo, kujituma kulikuwepo tena kwa kumwaga. Mie naona tulianzisha kikundi cha kupanda wakati kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza, na hizo ni kazi mbili zinazotaka watu tofauti, ratiba tofauti na hata eneo la ukubwa tofauti. Ngoja nieleze ilivyokuwa, mtaona wenyewe tulipoteleza wapi.

Eneo lenyewe ni kipande kirefu chembamba kando ya mfereji, mwendo wa kama hatua mia nne, nusu yake udongo mtupu ulioshindiliwa mpaka unang'aa na nusu nyingine lantana, kile kichaka cha kigeni kinachovamia, imejifungafunga. Mvua ikinyesha maji yanateremka na udongo wote yanaujaza mfereji, mfereji unafurika, watu wanalalamika, mvua inaisha, watu wanasahau. Mama mmoja mwalimu mstaafu ndo alianza, akaandika kwenye grupu la majirani kwamba anataka watu wa kupanda mimea ya asili pale, sio maua ya kupendezesha, mimea ambayo ilikuwepo hapa kabla hatujajenga. Ndani ya siku mbili grupu jipya lina watu 86. Hapo tukajiona tumeshinda tayari.

Kosa la kwanza lilitokea hata kabla ya kupanda. Jumamosi ya kusafisha tuliingia na mapanga na sururu tukafyeka kila kitu, yaani kila kitu, lantana na visivyo lantana. Kuna bibi nyumba yake inatazamana na mfereji, alikuwa anatuangalia tu kutoka kwenye ua wake, mwisho akashindwa kuvumilia akaja. "Mjukuu wangu, huo unaoung'oa unajua ni nini?" Nikamwambia bibi, hili ni gugu. Akaniangalia kama vile nimetukana mtu wa familia. Kumbe ulikuwa mmea wa hapahapa, unajiotea wenyewe, mizizi inashika udongo kwenye mteremko, na sisi tumetangaza tunataka kurudisha mimea ya asili huku tunaichoma mkaa, hapana sio mkaa, tunaitupa kwenye kiroba na takataka. Jioni tukapiga picha vile vichache vilivyobaki tukaviweka iNaturalist, ile programu iliyoanza 2008 ambayo unaposti picha ya mmea na watu wanaojua wanakusaidia kuutambua, na majibu yalivyokuja bibi alikuwa sahihi kwa mmea ule na mingine miwili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia asianze na jembe. Tembea na simu wiki mbili, piga picha kila kinachoota, tafuta mtu mzima mmoja aliyekaa hapo muda mrefu umuulize. Inachosha na haina picha nzuri ya kuposti, ila inakuokolea aibu niliyoipata mimi.

Sasa siku ya kupanda. Miche tuliletewa na kitalu kimoja waliokuwa wanaondoa mzigo wa zamani, bure, na kitu cha bure huwa hukikagui. Ilikuwa mirefu, inapendeza kwa macho. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo, kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea, ulitakiwa utushtue. Mizizi ikikosa pa kwenda inazunguka ndani ya kiriba, inajisokota kama kamba, na ukiupanda hivyohivyo inaendelea kuzunguka ardhini, mche hauungani na udongo, jua kali la kwanza tu umekwisha. Dawa yake unachana kiriba, unatoa, unailegeza mizizi kwa vidole au unapitisha kisu pembeni kuikata ile inayozunguka, alafu shimo liwe na kina cha kile kifungu cha mizizi tu, lisizidi, ila upana liwe mara mbili au tatu. Sisi watu 31 tulikuwa na watu wawili wanaojua hilo, na hao wawili walikuwa wamepangiwa kugawa maji ya kunywa.

Ile miche 46 iliyokufa sikuiacha ipite hivihivi, niliifanyia hesabu. 21 ilifyekwa, hiyo nitaielezea. 25 iliyobaki tuliing'oa mmoja mmoja kuangalia chini. Minane mizizi imejisokota vilevile kama siku imetoka kitaluni. Miwili, na hapa mnaruhusiwa kucheka, ilikuwa bado imo ndani ya kiriba. Mtu kachimba shimo, kaweka mche na plastiki yake, kafukia, kapiga picha. Na 15 ilikauka tu, mizizi iko sawa, haikupata maji.

Hii ya maji ndo moyo wa kisa chote. Mche mdogo wakati wa jua unataka kama lita 10 kwa wiki, umwagiliwe mara moja au mbili mpaka maji yazame, sio kunyunyiza kila siku juujuu, maana maji ya juujuu yanafundisha mizizi kubaki juu. Miche 60 mara lita 10 ni lita 600. Ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 30 kila wiki. Na bomba la karibu liko upande mmoja wa eneo, kwa hiyo mche wa mwisho unaufikia kwa kutembea hatua mia nne na ndoo kichwani au mkononi, alafu urudi. Hesabu ya darasa la tatu hii. Hakuna aliyeifanya, mimi nikiwemo, kwenye mikutano mitatu yote tulijadili jina la kikundi na rangi ya fulana.

Kwenye grupu ilikuwa hivi: wiki ya kwanza mtu anauliza "nani anamwagilia leo?", wanajibu sita. Wiki ya tatu swali lilelile, wanaona watu 52, anajibu mwalimu peke yake. Wiki ya tano hata swali haliulizwi, zinapita salamu za asubuhi na video. Na mi siwalaumu, maana kazi ikiwa ya watu 86 kila mmoja anaamini wale 85 wapo. Mwalimu alibeba ndoo mpaka mgongo ukamgomea, na alipoacha hakuna aliyejua kwamba ameacha.

Kufyekwa sasa. Wiki ya sita ofisi inayosimamia lile eneo ilileta wafyekaji kama inavyofanya kila baada ya muda. Wakapita na mashine upande mmoja mpaka mwisho. Mwalimu alifika mbio, karibu alie, akamkuta kijana kashika mashine. Yule kijana alikuwa na adabu zake, akaizima akamwambia, "Mama yangu samahani, mi nimeambiwa nifyeke majani. Hapa nimeona majani." Ukikaa ukafikiria hana kosa hata moja. Mmea wa asili ukiwa mdogo ndo unavyofanana, kijiti na majani matano katikati ya nyasi, hakuna kigingi, hakuna kamba, hakuna kibao, na kule ofisini hakuna karatasi yoyote. Ruhusa tulikuwa nayo ya mdomo, mtu alimwambia mtu, "hakuna shida pandeni". Huyo aliyesema hakuna shida alikuwa ameshahamishwa.

Hapo kikundi kingekufa, na kilikufa kiasi, waliondoka kama 40 kwenye grupu ndani ya wiki moja. Mkutano uliofuata tulikuwa tisa. Mwalimu akasema kitu ambacho kilinikasirisha siku ile: "Tisa wanatosha, tatizo eneo ni kubwa mno." Mi nilitaka turudi kutafuta watu zaidi. Bahati nzuri hawakunisikiliza.

Kuna jambo la Wangari Maathai huwa linasahaulika. Wote tunajua alipata Nobeli ya Amani 2004, tunajua vuguvugu la kupanda miti la Green Belt alilianza 1977, na kwamba siku ya kwanza, 5 Juni, walipanda miche saba tu. Saba! Ila kuna hili lingine, wale akina mama waliokuwa wanaotesha miche walikuwa wanapewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika, sio kila mche uliopandwa. Malipo yenyewe ni kidogo sana lakini yanaelekeza jicho la mtu mahali tofauti kabisa. Ukihesabu iliyopandwa, kazi yako inaisha saa nne asubuhi. Ukihesabu iliyo hai, siku ya kupanda bado uko sifuri. Tukabadilisha daftari. Safu ya "imepandwa" tukaifuta, ikabaki tarehe na idadi ya iliyo hai.

La pili ni kupunguza eneo. Kuna kijana mmoja alikuwa ameangalia video za misitu midogo ya Akira Miyawaki, yule mtaalamu wa mimea wa Japani aliyefariki 2021, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa anapanda mimea ya asili ikiwa imebanana, kama mitatu kwa kila mita moja ya mraba, aina mbalimbali zimechanganywa, mirefu na mifupi. Mwanzoni tulimpuuza, tuliona mambo ya kwenye video. Alafu akapiga hesabu ubaoni: kwa mtindo huo miche yetu 60 ingekaa kwenye mita za mraba 20. Ishirini! Ukubwa wa sebule. Sisi tuliisambaza hatua mia nne kama mtu anayerushia kuku mtama. Ikibanana inakingana jua, udongo unafunikwa haraka, magugu yanakosa nafasi, na zaidi ya yote mpira mmoja wa maji unafika kote bila mtu kuhamisha mguu. Gharama yake ni kwamba udongo lazima uuandae kweli, sio kuchimba vishimo, na magugu na maji unayafuatilia kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Siuzi huu mtindo kwa kila mtu, kuna maeneo ya asili yalikuwa nyasi na vichaka na ukiyajaza miti unayaharibu. Kwetu pale ulifaa kwa sababu tulikuwa watu tisa na mpira mmoja.

Tukachagua kipande cha mita 4 kwa 4, jirani kabisa na bomba. Tukakifukua, tukachanganya mboji iliyooza vizuri, na tukaandaa miche 48, safari hii mingi tumeiotesha wenyewe kwa mbegu zilizookotwa hapahapa, uani kwa yule bibi. Ndo ikawa kitalu. Bibi hakuwahi kuja mkutano hata mmoja, hayumo WhatsApp, hachimbi, lakini ukiniuliza nani alikiokoa kikundi nitamtaja yeye kabla ya mwenyekiti. Anajua mbegu ipi inalowekwa usiku, ipi inataka kukwaruzwa, ipi inaota yenyewe ukiitupa tu.

Juu tukaweka matandazo, majani makavu na vipande vya matawi, unene wa kama sentimita 7, tumeacha nafasi kuzunguka kila shina maana yakigusa shina linaoza. Watu wanayachukulia matandazo kama pambo, mi naona ndo yalifanya nusu ya kazi ya kumwagilia.

Maji nayo tukaacha kutegemea bomba peke yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hii kanuni kila kikundi kiijue kwa kichwa. Kuna jirani paa lake la upande wa huku ni kama mita za mraba 50, mvua ya milimita 10 ikipiga hapo ni lita 500, toa zinazopotea njiani tuseme unabaki na 400. Alikubali tufunge mfereji wa paa na pipa, kwa sharti tumfunikie pipa vizuri asije akafuga mbu. Sharti halali.

Zamu: wawiliwawili, kila jozi ina siku yake ya wiki na ina jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pipa, sio kwenye grupu. Kwenye grupu ujumbe unapanda juu unapotea, karatasi kwenye pipa unakutana nayo kila ukishika kopo. Ukishindwa unamwambia mwenzako mmoja, huwaambii watu wote, na huyo mmoja anakujua ulipo.

Na barua. Ukurasa mmoja, mchoro wa eneo umechorwa kwa mkono, tunapanda nini, urefu gani kikikua, tumeacha nafasi kiasi gani mfereji usafishwe, nani ataulizwa. Ofisini wakagonga muhuri kwenye nakala yetu. Tukapiga vigingi na kamba pande zote nne, kibao kimoja. Yule kijana mfyekaji aliporudi tulimpeleka akaona mwenyewe, siku hizi akifika pale anaizima mashine anamalizia kwa mkono.

Kuna ugomvi nataka niuseme wazi kwa sababu vikundi vingi vinafia hapo. Mwaka wa pili akaja mwenzetu mwenye msimamo mkali, kila mmea wa kigeni ung'olewe, mpaka bogenvilia za kwenye nyua za watu, maana asili yake Amerika ya Kusini. Akawa anawaandikia watu kwenye grupu kuhusu maua yao wenyewe! Jirani wa pipa karibu afungue mfereji wake wa paa akaurudishe dukani. Mi nilikuwa naelekea kukubaliana naye kimawazo mpaka niliposoma zaidi. Ripoti ya IPBES ya 2023, lile jopo la kimataifa la bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, inasema binadamu amehamisha spishi (aina za viumbe) zaidi ya 37,000 kuzipeleka kusiko kwao, na zenye ushahidi wa madhara ni zaidi ya 3,500. Yaani ugeni peke yake sio kesi, kesi ni uvamizi. Lantana kesi anayo. Bogenvilia ya mama fulani iliyokaa kwenye ua wake miaka kumi bila kutoka nje, mwacheni.

Upande wa pili nao kulikuwa na waliosema ah, kijani ni kijani, panda chochote. Hapo pia hapana. Wadudu wengi majani wanayoweza kula ni ya mimea waliyozoeana nayo vizazi na vizazi, na ndege wadogo wanalisha makinda wadudu, sio maua mazuri. Kuna utafiti wa bustani za nyumbani maeneo ya Washington, Marekani, ulitoka 2018, walimfuatilia ndege mmoja mdogo ambaye makinda ya kiota kimoja yanahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 mpaka yaweze kuruka. Waliona bustani ikiwa na mimea ya asili chini ya asilimia 70, ukipima wingi wa mimea yenyewe na sio idadi ya aina, wale ndege hawazaani vya kutosha kufidia wanaokufa. Ni ndege mmoja, mji mmoja, sitaki mtu aigeuze iwe sheria ya dunia. Ila ilitusaidia kupata maneno ya kuongea: kwenye kipande chetu asili tupu, kwenye nyua za watu tunaomba sehemu kubwa iwe asili na hatugusi kilichopo mpaka mwenyewe aseme. Yule mwenzetu hakuridhika akaondoka. Alikuwa mchapakazi, tulimkosa, na sina uhakika kama tulimshughulikia vizuri.

Mwaka baada ya kupanda ile 48 nilihesabu iliyo hai 41. Sasa hivi mirefu imenipita kichwa, na tumefungua kipande cha pili, mita 3 kwa 3 tu, kwa sababu zamu tuliyonayo ndo inachoweza. Hatua zilizobaki bado zina lantana na watu bado wanatuuliza kwa nini tunaenda polepole. Watu wa kudumu tupo 14. Wale wa grupu kubwa tunawaita mara mbili kwa mwaka kwa palizi kubwa, wanakuja, wanapiga picha, na sasa hivi wanaojua kuchana kiriba wanasimama kila shimo la tano.

Mwezi uliopita nilikuwa nafunga kamba iliyolegea, akaja kaka mmoja amehamia karibuni, bomba la dawa mgongoni. "Dada, mimea yenu imeliwa sana, majani yote matundu. Niwapulizie? Bure." Nikamwambia asante kaka yangu, tua kwanza bomba uje uone. Tukainama wote wawili, nikageuza jani, chini yake kiwavi wa kijani kanenepa hatari, na juu ya kigingi cha jirani kuna ndege katulia anatusubiri tuondoke. Akaangalia kiwavi, akaangalia ndege, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo nyie mnafuga viwavi?" Nikasema ndio, ndo tunachofuga. Alicheka mpaka akashika kiuno, akabeba bomba lake akaenda zake, na mpaka leo tukikutana hanisalimii mimi, anaulizia viwavi wangu hawajambo.